Siku Binti Yangu Alipomwona Baba Yake Langoni

Binti yangu alikuwa na miaka mitano na hakuwa amewahi kumwona baba yake akicheza. Alimjua kama mtu anayerudi nyumbani na magoti yaliyochubuka na begi linalonuka nyasi. Jioni moja akamwuliza, huku akimvua soksi, "Baba, wewe hufanya kazi gani hasa?" Baba yake akacheka. "Nazuia," akasema. "Watu wanataka kuingiza, mimi nazuia."

Alikuwa kipa wa timu ya ligi iliyochezea mechi zake za nyumbani Meru mjini. Sisi tulikaa Kiirua, mimi nikishona nguo kwenye kibanda kando ya barabara ya Nanyuki, yeye akishuka mjini kila asubuhi kufanya mazoezi. Mimi ni mtu wa Kanyakine, yeye ni wa Kanja, upande wa Embu. Lugha zetu za nyumbani zinakaribiana bila kuwa moja, kwa hivyo ndani ya nyumba tulizoea kuongea Kiswahili, na mtoto akakishika kabla hata hajaanza shule.

"Jumapili tunacheza nyumbani," akaniambia wiki hiyo. "Mama Toto, mlete. Usije ukaniambia una nguo za watu."

Nilikuwa na nguo za watu. Niliziacha mezani. Baada ya kanisa nilimvalisha mtoto sweta mbili, kwa maana upepo wa mlimani hauna huruma hata jua likiwaka, tukateremka mjini.

Tuliketi upande usio na paa, kwenye ngazi za simiti. Kando yetu alikuwa mzee mmoja mwenye koti la kijani, na skafu ya timu imezungushwa shingoni mara mbili. Alikuwa mtu mwema. Alisogea ili mtoto apate nafasi, akamfungulia kikaratasi cha njugu karanga, akaanza kumweleza ni akina nani wanaopasha misuli pale chini. "Yule ni nambari sita. Yule ni kapteni. Yule wa glavu ni kipa wetu. Huyo ni ukuta."

Binti yangu akanitazama ili aone kama ataruhusiwa kusema. Nikamtikisia kichwa asiseme. Sikuwa na sababu kubwa. Niliona haya tu, kama mtu anavyoona haya watu wake wakisifiwa mbele yake. Lakini baba yake aliposogea upande wetu, mtoto alishindwa kujizuia, akainuka akapunga mikono yote miwili. Baba yake alimwona. Aligonga glavu mara moja, kisha akarudi langoni. Mzee wa koti alidhani ni salamu ya mashabiki wote, akapiga makofi.

Mechi ilikuwa ngumu. Wageni walikuwa na mshambuliaji mmoja mrefu, na kila mpira wa juu ulitafutwa kwake. Kabla ya mapumziko walipata kona. Mpira ulipopigwa, mume wangu alitoka, akaruka, na nikaona goti la yule mrefu likimpata juu ya sikio. Aliushika mpira. Akaanguka nao kinyumenyume, na kichwa kikagonga mlingoti wa lango. Sauti ile niliisikia nikiwa nimeketi huko juu, au labda baadaye nimejiambia kwamba niliisikia.

Alilala pale. Watu wawili wakakimbia na chupa ya maji, wakammwagia kichwani, wakamshika kwapani. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba amelala?"

"Amechoka kidogo. Tazama, anaamka."

Aliamka. Kocha alikuwa amesimama kwenye mstari akimwuliza kitu kwa mikono, naye akainua kidole gumba. Uwanja mzima ukamshangilia. Baadaye nilikuja kujua kwamba kipa wa akiba hakuwa benchi siku hiyo. Alikuwa amevunjika kidole wiki ile na hawakuwa wameleta mwingine. Sijui kocha angefanya nini kama huyo angekuwepo.

Walipotoka mapumzikoni, timu zilibadilishana malango kama kawaida. Wenzake wote wakaenda upande mmoja. Mume wangu akatembea peke yake kuelekea upande mwingine, pole pole, akavaa glavu vizuri, akasimama langoni pale alipokuwa kipindi cha kwanza. Kipa wa wageni alifika akamkuta. Wakasimama wawili wakiangaliana.

Watu walicheka. Mzee wa koti alicheka mpaka akajifuta macho. Binti yangu naye alicheka, akipiga magoti yangu kwa viganja, "Baba amepotea! Baba amepotea!" Nambari sita akakimbia, akamshika mkono, akamvusha uwanja mzima kama mtu anavyovushwa barabara. Mimi sikucheka. Namjua anavyotembea. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta.

Bao la kwanza lilikuwa mpira wa kubingirika, hata mtoto wangu angeusimamisha. Ulipita katikati ya miguu yake naye bado ameinama kuutafuta mbele. La pili hakusogea kabisa. Alikuwa ameinua uso anatazama juu, kama mtu anayesikiliza ndege ikipita. Hapo kicheko kikaisha.

"Ametuuza!" mtu akapaza sauti nyuma yetu.

"Amekula! Huyo amekula hongo!"

"Toa huyo kipa! Amelewa!"

Mzee wa koti la kijani alikuwa amesimama juu ya ngazi yake. Yeye ndiye alikuwa na sauti kuliko wote. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Mwizi! Mwizi wewe! Rudi kwenu Embu!" Njugu zilikuwa bado mkononi mwa binti yangu. Akamvuta mzee lile koti.

"Huyo ni baba yangu," akamwambia.

Mzee alitazama chini, akamwona, kisha akanitazama mimi. "Mama," akasema, "si ungesema mapema." Akashuka ngazi akaenda kusimama mbali kidogo, upande wa kushoto. Nikadhani amenyamaza. Baada ya muda mfupi nilisikia sauti yake tena kutoka huko, ile ile, maneno yale yale.

Nilimfunga mtoto mgongoni na leso ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, nikashuka mpaka kwenye ua wa waya. Askari wa mlangoni akaninyooshea rungu.

"Mama, rudi juu."

"Huyo kipa ni mzee wangu. Ameumia kichwa. Mwambie kocha amtoe."

"Kila mtu leo ana maneno ya kumwambia kocha."

"Ndugu yangu, nakuomba. Mwangalie tu anavyosimama."

Alimwangalia. Nadhani kwa kweli aliona, kwa sababu alishusha rungu. Lakini akasema, "Mimi niliwekwa hapa nisipitishe mtu," na akasimama mbele ya kimlango vizuri zaidi. Nikaita jina la mume wangu kupitia waya. Niliita mpaka koo likakauka. Chupa zilianza kutua kwenye nyasi nyuma ya lango lake, moja ikampata begani. Hakugeuka. Bao la tatu liliingia nikiwa bado naita.

Refa alipopuliza mwisho ndipo askari alipojitoa mlangoni. Nilimkuta mume wangu kwenye chumba cha kubadilishia, ameketi kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nambari sita alikuwa amepiga magoti mbele yake. Wenzake wengine walivaa wakiwa wamempa mgongo. Nao pia, nilielewa, walikuwa na mawazo yao.

"Tumeshinda?" akaniuliza.

"Twende hospitali, Baba Toto," nikasema, nikimshusha mtoto mgongoni.

Akamtazama binti yetu kwa upole sana, kama mtu anavyomtazama mtoto wa mgeni. "Huyu mtoto ni wa nani?"

Mtoto akajificha nyuma ya sketi yangu. Kisha baba yake akatapika kwenye simiti.

Kocha alisema ni mshtuko tu, apelekwe nyumbani, anywe soda, alale. Nilimwambia kwamba hatalala. Alijaribu kunieleza kuhusu wachezaji na vichwa, jinsi amewaona wengi. Nambari sita hakubishana na mtu. Alimbeba mume wangu mgongoni na kumtoa nje mpaka kwenye gari la timu. Pale getini mashabiki walikuwa wamejazana. Nilimfunika mtoto kichwa na leso nikamlaza mapajani, na tulipokuwa tunapita nikasikia mawe kwenye mabati ya gari, na kiganja cha mtu kikipiga dirisha upande wangu. Mume wangu alidhani wanashangilia. Aliinua mkono.

Hospitali ya kwanza walimpa dawa ya maumivu na kututaka tungoje. Nambari sita ndiye aliyegombana nao. Ya pili walimpiga picha ya kichwa, na daktari, mwanamke kijana ambaye bado namwombea, akatoka akaniambia damu imevuja ndani ya fuvu na inakandamiza ubongo, na kwamba kila dakika ina maana. Wakamfungua kichwa. Binti yangu alilala kwenye benchi la korido, kichwa kwenye mapaja ya nambari sita, aliyekuwa bado amevaa jezi.

Hakufa. Watu wengi huniambia neno hilo kama zawadi, nami hushukuru, kwa maana ni kweli. Lakini mtu aliyeamka baada ya majuma kadhaa hakuwa yule aliyenicheka kuhusu nguo za watu. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa. Maneno yalikuwa yamechanganyika. Akitaka maji alisema "daraja," na ukimletea maji alikasirika kwamba hukumwelewa. Jina la binti yake lilirudi baada ya miezi mingi, na hata sasa kuna siku humwita kwa jina la dada yake yeye mwenyewe, aliyezikwa zamani.

Kutoka kwenye timu walikuja watu wawili na unga na mafuta ya kupikia, wakapiga picha, wakaomba, wakaenda. Nambari sita alikuja mara nyingi mpaka alipopata timu nchi nyingine. Hakuna aliyesimama mahali popote kuwaambia wale watu wa ngazi za simiti ni nini walichokuwa wakitazama. Mjini hadithi ilikuwa imeshakamilika bila sisi: kipa aliuza mechi, akaona haya, akahama.

Ni kweli tulihama. Kiirua sikuweza kushona na kumlinda kwa wakati mmoja, kwa hivyo tulienda kwao Kanja, kwa mama yake, ambaye alikuwa na nguvu bado na shamba la kahawa nyuma ya nyumba. Cherehani yangu iko barazani. Mama mkwe hazungumzi sana. Siku ya kwanza alimwosha mwanawe kichwa penye mshono, akaniambia, "Sasa tutamlea tena, mimi na wewe."

Mwaka juzi nilikuwa Embu mjini kununua zipu na nyuzi. Mwenye duka alinisikia nikiongea kwa simu na mtu wa Meru, akaniuliza nilikaa wapi. Tukaongea, tukaongea, mazungumzo ya kawaida, mpaka mpira ukaingia, akasema alikuwa akisafiri kuitazama ile timu. "Mpaka ile siku kipa alituuza," akasema. "Tangu hapo niliacha mpira." Nilimwambia yule kipa alikuwa anavuja damu kichwani. Nilimwambia ni nani anayemkata kucha. Akanisikiliza na zipu zangu mkononi, na uso wake ukawa wa huruma ya kweli. "Pole, mama," akasema. Kisha, akinifungia vitu, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayenisaidia, "Lakini yale mabao, mama. Mabao yale yalikuwa ya kuuzwa."

Nikamlipa, nikarudi Kanja.

Binti yangu sasa amenipita urefu. Ni mtoto wa kusaidia, hanisumbui, na walimu wanamsifu, lakini kitu cha kuchekesha akikiona huziba mdomo kwa mkono. Nilidhani ni haya ya umri. Msimu uliopita tulikuwa tunachagua kahawa kwenye wavu wa kukaushia, mimi na yeye, akasema bila kuinua macho, "Mami, mimi nilicheka siku ile. Alipoenda upande usio wake."

"Kila mtu alicheka. Ulikuwa mdogo."

"Wengine hawakuwa wake," akasema. "Mimi nilikuwa wake."

Nikamwambia kwamba baba yake hakumsikia, na akanijibu kwamba anajua.

Muhula huu shule yao ilitangaza kuwapeleka watoto Embu mjini kutazama mechi ya ligi. Nilimwambia aende kama anataka, tutavumilia. Hakwenda. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, tukaketi barazani watu wanne tukiambua maharagwe. Baba yake huweza hata kwa mkono mmoja, akikandamiza ganda kwenye paja, ingawa mengi humdondoka. Binti yake alikuwa akiyaokota na kuyatia kwenye bakuli. Kabla ya chakula baba akachoka, akaanza kukasirikia maganda, na binti yake ndiye aliyemwinua akamwingiza ndani kulala. Mama mkwe akasogeza bakuli karibu nami, tukaendelea na yaliyobaki.