Nilichekesha darasa kwa kosa la "did", nikaishia Vugiri kuomba radhi

Wakuu, amani kwenu.

Hili lilinikuta mimi mwenyewe na nalisimulia lilivyokuwa. Atakayesema ni chai, aje Handeni nimmiminie ya kweli.

Mimi ni ticha wa English, sekondari moja ya kata maeneo ya Kwaluguru. Wakati huo nilikuwa mgeni kazini, nimetoka chuo kichwa kimejaa tenses.

Kila Ijumaa nilikuwa na kipindi nilichokiita "common mistakes". Nachukua madaftari ya Form Four, nachagua sentensi zilizoharibika, naziandika ubaoni bila jina, darasa linarekebisha.

"We discussed about." "I am having two brothers." "He did went."

Madogo wanacheka, na mimi nacheka. Niliamini kicheko kinafundisha.

Hapo kwenye "did" wengi tunaangukia, tusidanganyane. Did ikishaingia, kitenzi kinarudi kama kilivyozaliwa: did go, sio did went. Na he na she ndiyo usiseme, maana kwetu yeye ni yeye tu, awe baba awe mama.

Sasa Ijumaa moja nikaandika hii:

"My mother did not cried. He did slept, and we did washed him."

Darasa likapasuka. Mmoja akauliza, "Ticha, huyo mama ana ndevu?" Nilicheka mpaka chaki ikanidondoka. Tukarekebisha, kengele ikalia, nikaenda zangu kula.

Mwenye daftari alikuwa Zaituni, binti mpole aliyekaa dirishani. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama nje, kwenye mahindi, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Jumatatu hakuja. Wiki nzima hakuja.

Nikamfuata shangazi yake aliyekuwa anaishi naye. Akaniambia, "Karudi Vugiri kwa bibi yake, mwalimu. Anasema shule basi."

Na mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi.

Jioni ile nikatoa daftari lake, nikaisoma insha yote. Kwa mara ya kwanza, wakuu. "A day I will never forget." Ilikuwa siku mama yake alipofariki. Aliandika "slept" kwa sababu ndivyo alivyomuona, kama amelala. Na huyo aliyeoshwa ni maiti ya mama, ameiosha yeye na bibi yake.

Pembeni, kwa kalamu yangu nyekundu: "Mind your tenses!"

Niliona aibu hata kulifunga lile daftari.

Jumamosi nikapanda basi mpaka Korogwe, kisha bodaboda ya kupandisha mlimani. Huko chini jua lilikuwa kali, mikonge imesimama kimya. Tulivyozidi kupanda baridi ikaingia mikononi, na ukungu ukashuka barabarani taratibu. Migomba ikawa vivuli. Nasikia kuku, nasikia mtu anakata kuni, simuoni yeyote. Dereva naye akaacha kuongea. Kuna muda nilihisi hatwendi popote, mlima ndio unaotupita.

Nyumba ya bibi ilikuwa kwenye mteremko, iliki zimeanikwa kwenye mkeka karibu na jiko. Nilikuwa nimejifunza salamu ya Kishambaa njiani kwa yule dereva. Nikaitoa kwa kujiamini.

Kumbe ilikuwa ya asubuhi, na saa nane ilishapita.

Bibi hakucheka. Alinijibu kwa salamu ya mchana, polepole, akanisubiri. Nikairudia. Akatikisa kichwa kukubali, akanisogezea kigoda.

"Shikamoo bibi. Mimi ni mwalimu wa Zaituni."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyecheka na darasa?"

"Tulicheka makosa, bibi."

"Mwanangu ndiye aliyekuwa ndani ya hayo makosa."



Zaituni akatoka ndani, khanga begani. Nikasimama. Nikamwambia, "Zaituni, nilisoma vitenzi vyako, sikukusoma wewe. Naomba unisamehe."

Akaketi kwenye kizingiti. Ukungu ulikuwa unaingia mpaka barazani, unapita katikati yetu na kutoka.

Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni 'she slept', mwalimu?"

"She slept."

"And we washed her."

"And we washed her."

Bibi akataka kujua tunasema nini. Zaituni akamweleza kwa Kishambaa. Bibi akajifuta macho na ncha ya khanga, akasema kwa Kiswahili, "Basi kaandike vizuri. Mama yako aandikwe vizuri."

Jumatano iliyofuata alikuwa darasani. Nikaomba radhi tena mbele ya wenzake, na yule wa ndevu naye akasimama akaomba yake.

English alipata C. Sio maajabu, lakini ilimvusha, na leo anasomea uuguzi.

Kile kipindi cha Ijumaa nilikifuta. Siku hizi insha naisoma kwanza mikono mitupu mpaka mwisho, nijue mtoto anasema nini. Kalamu naitafuta baadaye. Na mtu akikosea mbele yangu, namrudishia sentensi ikiwa nzima, tunaendelea na maongezi.

Maticha wenzangu mliomo humu, na nyie mliowahi kuchekwa kwa "did" yenu, semeni hapo chini. Nitasoma kila mtu, na leo sisahihishi.