Jina la Mfungaji

Ukifika Makote ukauliza habari za netiboli ya zamani, watakutajia jina moja tu, na halitakuwa langu. Watakutajia la mwenzangu. Yeye alikuwa mfungaji, mimi mlinzi, timu moja. Tulicheza peku kwenye uwanja uliochorwa kwa majivu, wenye pete mbili za nondo zisizo na nyavu, na lile vumbi jekundu la Newala likitupanda mpaka magotini.

Naomba nieleweke. Sisemi hakuwa na shabaha. Alikuwa nayo. Akishasimama chini ya pete akanyoosha ule mkono wake mrefu, mpira uliingia kama umeagizwa. Lakini mpira wenyewe ulitoka wapi? Mimi huku nyuma nimeruka na msichana wa Chiungutwa, viwiko vyake vimenipata mbavuni, nimeupokonya, nimemrushia wa katikati, naye kamrushia mwenzangu. Yeye kageuka tu, kafunga, na wanawake wanamtupia kanga huku wanapiga vigelegele. Goli likiingia kila mtu analiona. Lililozuiwa nani kaliona? Hakuna anayepigia vigelegele kitu ambacho hakikutokea.

Hesabu yangu ndiyo hiyo na sijaibadilisha tangu usichana. Ukiwa na mlinzi kama mimi, hata mfungaji wa kawaida atakupa ushindi. Nilimweleza hivyo muuza chai wa pale stendi, mtu aliyetuona tukicheza tangu mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, bila wewe tungeshinda kwa tabu," akasema. "Bila yeye tusingeshinda."

Alisema huku anakoroga sukari, wala hakunitazama. Chai ile sikuimaliza.

Siku walipokuja watu wa mkoani kuchagua wachezaji, tulishuka Masasi sote wawili kwa lori la korosho, tumekalia magunia. Siku hiyo nilicheza kuliko siku zote za maisha yangu. Msichana niliyemkaba hakupata hata nafasi ya kupumua. Jioni wakasoma majina, la mwenzangu likiwemo. Alilia, akanikumbatia, akasema haendi bila mimi. Akaenda.

Kwanza Mtwara, kisha Dar es Salaam, kwenye timu ya ofisi moja ya serikali. Akapanda ndege kwenda kucheza nchi za watu. Miguu ilipochoka, ofisi ikampa meza na kiti, na mshahara ukaendelea. Mimi niliolewa, nikazaa, nikapalilia mikorosho. Kila mwisho wa mwaka alikuja na raba mpya, amenawiri, watoto wa mtaani wanamfuata nyuma, na nyumba ya kwanza kupita na zawadi ilikuwa yangu. Hilo nalo liliniuma. Mtu akiwa na roho mbaya unamchukia, unalala. Huyu hana roho mbaya hata kidogo.

Basi mwaka huu mke wa mwanangu mkubwa akajifungua mtoto wa kike, huko Lisekese wanakoishi. Katika ukoo wetu, mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Yaani langu. Nilikuwa nimeshanunua kanga mwanangu alipopiga simu, anacheka kwa furaha.

"Mama, mtoto tumempa jina."

"Lipi?"

Akalitaja. Lilikuwa la mwenzangu.

Niliketi juu ya gunia la korosho, simu ikiwa bado sikioni. Huku kwetu ukishazaa, jina lako linawekwa kando. Miaka yote nimeitwa Mama Fulani, kwa jina la huyo mwanangu, na mjukuu akija unakuwa Bibi Fulani: sokoni, bombani, msibani, mpaka siku watakayokufukia. Na huyo Fulani sasa ndiye yeye. Ameshachukua vigelegele, ameshachukua safari, na leo niitwe kwa jina lake, niitikie.

Kesho yake nikateremka Masasi kwa basi la asubuhi. Nilimkuta mwanangu anaosha pikipiki mbele ya nyumba. Akanipa shikamoo, nikasema marahaba nikiwa nimesimama vilevile, na kiti sikukitaka.

"Jina hilo libadilishwe," nikamwambia.

Alishangaa kweli. "Kwani Mama, si rafiki yako?"

"Nani kakwambia ni rafiki yangu?"

"Si wewe mwenyewe? Tangu tuko wadogo. Ukipika unamtaja, ukipalilia unamtaja. Redio ikitangaza mpira wowote, utamtaja. Marehemu baba mwenyewe humtaji hivyo. Tukasema na mke wangu hapa, kama kuna jina Mama analipenda duniani, ni hilo."

Ningemwambia nini? Kwamba yale yote aliyoyasikia jikoni utoto wake mzima hayakuwa mapenzi, yalikuwa wivu, na bado ni wivu? Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi, ananitazama kama mtu aliyepika siku nzima halafu mgeni akasema ameshiba.

"Basi," nikasema. "Liacheni."

Mtoto alipotimiza arobaini, mwenzangu akaja kutoka Dar es Salaam kumwona somo wake. Alileta beseni, sabuni, nguo za mtoto, na kanga nzuri kuliko zangu. Akanivuta pembeni, machozi yanamlengalenga.

"Najua desturi ya ukoo wenu," akasema. "Jina lilikuwa lako hili. Ukanipa mimi."

Nikamwambia asijali. Angekuwa yeye, angelitoa kweli, kwa moyo mweupe. Wivu hana. Hata katika hilo kanishinda, na nilimwonea wivu kwa kutokuwa na wivu.

Ua ulikuwa umejaa watu. Kilichobaki ni kumtoa mtoto nje, na anayempokea mlangoni ni bibi yake. Mimi nilikuwa mbali, nyuma kabisa, kwenye masufuria ya pilau. Mwenzangu alikuwa kwenye mkeka wa mbele na wageni wa heshima. Mama aliyesimamia shughuli akatokeza mlangoni na mtoto amefunikwa kanga, akaita kwa sauti.

"Bibi," akasema, na lile jina likafuata.

Mwenzangu naye ni mtu mzima sasa, na vijana humwita hivyohivyo kwa heshima. Akageuka. Nikamwona anaweka mkono chini ainuke, mdomo umeshaanza kufunguka.

"Abee," nikaitika.

Sikujua kama miguu yangu bado inaweza. Niliruka sufuria, nikapita kati ya wanawake, nikampita yeye akiwa bado amepiga goti, nikafika mlangoni na kunyoosha mikono yote miwili. Mtoto akatua kifuani kwangu. Vigelegele vikapigwa. Niliwahi mimi, na safari hii kila mtu aliona.