Masale, Banda la Kuku na Chumba Changu

Mkaguzi wa majengo aliyaita masale ya bibi maua. Shida yote ilianzia hapo.

Kwanza nieleze. Mama anajenga mtaa wa Soweto, kwenye kiwanja alichonunua baada ya miaka mingi ya kupanga. Mimi, mama na bibi tunaishi vyumba viwili vya kupanga, na mimi nalala kitanda kimoja na bibi. Bibi ni wa Rombo, anasali rozari kwa sauti na goti lake linauma usiku, kwa hiyo analipiga mateke kwa mguu wa pili. Mara nyingi anakosea goti, ananipiga mimi. Kwenye ramani ya nyumba mpya kuna chumba kidogo upande wa jirani. Mama alisema ni changu. Kina mlango, na mlango unafungwa. Sikuwahi kutaka kitu kingine kwenye ile nyumba, hata sebule wangeiacha.

Ukijenga mjini, mkaguzi wa manispaa anakuja kwa hatua. Anakuja ukishachimba msingi na kusuka nondo, kabla hujamwaga zege, kwa sababu zege likishamwagwa hakuna anayejua kilichomo. Halafu anarudi kwenye lenta juu ya madirisha, halafu kwenye paa. Asiporidhika, kazi inasimama. Fundi wetu anaogopa siku ya mkaguzi kuliko sisi tunavyoogopa mtihani wa hesabu. Siku hiyo alivaa shati.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, mtu wa kanda ya ziwa. Alishuka kwenye mtaro, akatikisa nondo, akapima kina, akasema vizuri. Kisha akauliza, "Mpaka wenu upande huu uko wapi?"

Bibi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akainuka kwa ajili ya swali hilo. Akaonyesha mstari wa masale, mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo alama ya mpaka. Aliyapanda mwenyewe, miche aliitoa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo.

"Haya maua?" akauliza mkaguzi.

"Maua!" bibi akasema, akakaa tena.

Mkaguzi akavuta futi yake kutoka mtaroni hadi kwenye masale. Akarudia. Akasema sheria inataka mita moja na nusu kati ya ukuta na mpaka, na hapa haifiki. Akamwambia mama ukuta urudi ndani. Fundi akaangalia ramani, akaniangalia mimi, akasema, "Basi hiki chumba kidogo kitakuwa stoo."

Mkaguzi akachukua rangi nyekundu, na kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kuandika, akaandika kwenye rundo la tofali: SIMAMISHA. Aliandika kwa mwandiko mzuri.

Alipoondoka, mama akamgeukia bibi. "Mama, masale uliyapanda kwenye mpaka?"

"Nani anapanda masale kwenye mpaka?" bibi akasema. "Nilirudi hatua moja ndani. Hatua ya heshima."

Bibi aligombana na shemeji yake juu ya mpaka wa kihamba tangu mama akiwa mdogo hadi shemeji akafa. Akaapa hatapanda tena isale mahali ambapo mtu anaweza kusema ameiba hata unyayo. Kwa hiyo alipanda ndani kwetu. Hakumwambia mtu, maana heshima haitangazwi.

Mpaka wenyewe ulikuwa kwenye bikoni, lile jiwe la zege ambalo mpima ardhi alilifukia. Mama alikumbuka lilipo. Lilikuwa chini ya banda la kuku la jirani.

Jirani ni mzee wa Machame anayeishi peke yake. Hakuiba. Aliona masale, akajua hapo ndipo kwetu panaishia, akajenga banda upande wake kama mtu yeyote mwenye adabu. Ukimwambia mtu wa kwingine kwamba mtu mmoja alitoa ardhi kwa heshima na mwingine akaichukua kwa heshima, anadhani unamtania.

Bahati mbaya mama alikuwa na hasira. Alisimama kwenye masale akapaza sauti, "Mzee, umekalia mpaka wetu!"

Mzee alikuwa akiwamwagia kuku pumba. Akaweka debe chini. "Unaniita mwizi?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mkaguzi alisema atarudi Alhamisi. Bila bikoni, ni stoo.

Bibi akakata jani la isale, akalifunga fundo. Kwetu ukimkosea mtu unatuma mwingine ampelekee hilo, naye hawezi kukataa kusamehe. Mama hakuweza kupeleka, yeye ndiye aliyetukana. Bibi naye, goti. Wakaniangalia.

"Mimi siongei na watu," nikasema.

"Si lazima uongee," mama akasema. "Jani linaongea."

Jani halikuongea. Nilisimama getini kwa mzee nikiwa nimelishika kama tiketi, mpaka akatoka mwenyewe.

"Wewe si yule binti asiyesalimia?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe unasema!" Akaliangalia jani. "Fundo kafunga nani?"

"Bibi."

"Wa Rombo?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Hata msamaha wanaubana." Akajaribu kulifungua kwa kucha, likamshinda. "Sasa nikikataa, si mimi ndiye nitaonekana mbaya? Haya. Mama yako anataka nini?"

Hapo ilibidi niongee. Nikasema kuna jiwe chini ya kuku wake, na lisipoonekana chumba changu kitakuwa stoo. Nilisema kwa mkupuo mmoja, bila nukta.

"Stoo," akasema mzee. Akafikiri. "Unalala na nani sasa?"

"Na bibi."

"Huyu aliyefunga hili fundo?"

"Ndiyo."

"Pole," akasema. Alimaanisha.

Alhamisi fundi na vibarua wawili waliinua banda, kuku wakiwa ndani, maana mzee alisema wakitolewa wataacha kutaga. Kuku hawakunyamaza hata kidogo. Chini palikuwa na mbolea, na chini ya mbolea, bikoni. Mkaguzi akaikwangua kwa kijiti, akashikiza futi hapo, akapima. Ilitosha na ikabaki.

Fundi akapiga makofi. Nami nilitaka, nikaacha.

Kisha mkaguzi akaangalia lile banda lililoning'inia mikononi mwa watu. "Lakini hili banda," akasema, "limeingia ndani ya kiwanja chenu."

Mzee akaangalia chini. Lile jani lilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, bado limefungwa.

"Liko upande wake wa masale," bibi akasema.

"Bibi, masale si alama ya kisheria."

"Mbona juzi ulipima kutoka kwenye masale?"

Mkaguzi akakunja futi taratibu sana. Akamwangalia mama.

"Libaki," mama akasema.

"Mimi nimekuja kukagua msingi," akasema mkaguzi. "Kuku siwakagui. Mwageni zege."

Banda likashushwa palepale, juu ya bikoni.

Sasa nina chumba. Plasta bado. Fundi alijengea zile tofali bila kufuata mpangilio, kwa hiyo ukutani juu ya kitanda kumeandikwa kwa nyekundu SHA, kisha SI, na karibu na dirisha MAMI, miguu juu. Mlango unafungwa. Jogoo wa mzee anawika dirishani alfajiri, kwenye ile hatua ya heshima, na bibi anasema upande wake wa nyumba hasikii kitu.