Kipimo cha Ngazi

Kazini, kwenye maabara ya utafiti, walimwita Mama Nzi, naye hakukasirika. Kila asubuhi aliwapikia nzi wa matunda uji wa unga wa mahindi, hamira na sukari, akaumimina kwenye vichupa. Ukiganda, anawahamishia humo. Watu walicheka: msomi mzima, mpishi wa nzi! Waache wacheke. Hujafa hujaumbika.

Nzi wale walitiwa jeni ya binadamu, ile ile iliyomuua baba yake. Jeni hiyo hutengeneza protini isiyojua kujikunja sawasawa. Inarundikana ubongoni kama nguo chafu, mpaka mwili unakuwa hautii tena. Kupima ni rahisi. Unagonga kichupa mezani, nzi wote wanaanguka chini, halafu unatazama. Wazima hupanda ukuta wa kichupa mara moja. Wagonjwa huhangaika njiani, wakaporomoka.

Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi, ila mtoto mmoja anaweza kuupata na mwenzake akasalimika. Yeye na mdogo wake, kinyozi, hawakuwahi kupimwa. Kwa nafsi yake hakuogopa chochote. Tangu mazishi ya baba moyo ulikuwa umekufa ganzi. Aliyemhofia ni mdogo wake, ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Basi akaanza kumpima bila kumwambia. Kijana akija kumtembelea kule ghorofani anakoishi, hakosi kutumwa dukani: mara chumvi, mara kiberiti. Dada mtu anabaki mlangoni, anasikiliza hatua zake zikipanda ngazi. Ujinga mtupu, lakini kazi ukiizoea sana inakufuata nyumbani.

Jumapili moja walirudi pamoja kutoka sokoni. Akamtanguliza kwenye ngazi makusudi, apate kumtazama miguu. Mdogo wake alipanda kidogo, akasimama, akageuka.

"Dada, unanipima, sivyo?"

Dada akakihamishia kikapu mkono wa pili.

"Nimejua siku nyingi. Nimekuacha tu, maana na mimi nakutazama wewe." Aliongea taratibu, kama anayemnyoa mtoto. "Siku hizi unapanda umeshika ukuta. Na huo mguu wako, si wewe unayeuchezesha."

Dada akainamisha macho. Mguu wa kushoto ulikuwa ukirukaruka wenyewe, kama wa baba. Akangoja woga uje. Haukuja.

"Tangu lini?" akauliza.

Mdogo wake alimpokea kikapu kwanza.

"Zamani, dada. Sote tulidhani unajua. Si ndiyo kazi yako?"