Sifuri Iliyonyamazisha Onyo

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa nimetoka chuo Juja juzi tu, nikapata kazi kwenye karakana moja ya Ruiru, upande wa Gitothua, tukitengeneza kompyuta ndogo za kuendesha matangi ya kupozea maziwa. Nilikuwa mbishi. Hata saa ya ukutani niliiuliza kama ina uhakika.

Nilishughulikia kiini cha mfumo wa kompyuta hizo, pale kinaposoma kipimajoto. Tulikuwa na programu ya ukaguzi: inasoma msimbo, yaani maagizo tuliyoiandikia kompyuta, kabla haujaendeshwa, na ikishuku kosa inatoa onyo. Ikaniambia kiwango cha joto huenda kikatumika kabla hakijasomwa. Nikafuata kila njia ya msimbo, mstari kwa mstari. Onyo lilikuwa la uongo. Basi nikaandika mwanzoni kwamba joto ni sifuri, onyo likanyamaza, nikaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye mwenzangu Otieno akaongeza njia ya kufuatwa kipimajoto kisipojibu, akasahau kuiandikia itoe taarifa ya kosa. Programu ya ukaguzi haikusema kitu. Tangi lilikuwa liende kwa wafugaji wa Thika kesho yake.

Mkubwa wetu, Mama Njoki, haamini kitu mpaka akiguse. Akachomoa waya wa kipimajoto. Skrini ikaandika ile sifuri ya mwanzoni, na mtambo wa kupoza ukajizima. Maziwa ni baridi tayari, upoze nini?

"Haiya! Injinia, hii sifuri imetoka wapi?"

"Ni yangu, Mama. Lakini lile onyo lilikuwa la uongo, naweza kukuonyesha."

"Nakuamini. Na sifuri je, ilikuwa ya kweli?"

Otieno akacheka. "Jamaa ametuletea baridi ya bure kutoka Juja!"

"Wewe nyamaza, nawe uko ndani," Mama Njoki akamwambia, kisha akanigeukia. "Maziwa ya watu yangeharibika huku skrini ikisema mambo ni poa. Umebishana na kila mtu hapa isipokuwa wewe mwenyewe."

Nikafuta sifuri. Papo hapo onyo likarudi, likaonyesha mstari wa Otieno, na safari hii lilikuwa la kweli. Tukapanga upya: kipimajoto kisipojibu, kompyuta itoe taarifa ya kosa na kengele ilie. Onyo likaondoka lenyewe. Asubuhi tangi likapakiwa.

Usiache kubisha, mwanangu. Maonyo mengi ni ya uongo kweli, na una akili ya kuthibitisha hilo. Lakini mashine isipoelewa ulichoandika, kiandike upya mpaka kieleweke, maana hata atakayekuja baada yako huenda asikielewe. Ukishindwa, liache onyo na uandike kando yake sababu. Usijaze jibu usilolijua ili upate kimya tu.

Mungu abariki kazi ya mikono yako, na wote wanaoitegemea bila kukujua wasijute.