Mashine Niliyoiacha Ikibisha Hodi

Miaka ile ya soko huria kila mtu Tukuyu alikuwa anafungua kitu, na mimi nikafungua kibanda cha intaneti pale Msasani, ile ya hapo hapo Tukuyu. Kompyuta sita za mitumba, laini moja ya simu. Zilikuwa zinakwenda taratibu mno, basi nikanunua Mbeya sidii ya programu ya kuziongezea kasi, nikaiingiza kwenye zote sita. Kiherehere changu.

Asubuhi moja zikaganda. Kwenye mashine ya tatu alikaa mzee mmoja mchuma chai kutoka Kyimo. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi nje, na barua ya kukubali ilitakiwa ifike kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Niliichapa mwenyewe. Ikagoma kwenda.

Simu yangu ya mkononi ikalia. Alikuwa fundi wa kampuni iliyotuunganisha, yuko Mbeya.

"Dada, mashine zako zinashambulia watu."

Nikamwambia asinitanie, hapa nina mzee mmoja na barua yake.

"Zina kirusi, kuna mtu amezishika kwa mbali, zako na nyingine maelfu duniani. Zote anazituma mlango mmoja, kompyuta ya watu huko mtandaoni, kusalimia. Wewe Mnyakyusa, salamu unazijua. Watu elfu wakisema 'Ugonile' na kila mmoja lazima ajibiwe, mwenye shida ya kweli atasikilizwa saa ngapi? Chomoa zote sasa hivi. Nikiona hata moja nakata laini, na polisi watakuja kukuuliza wewe."

Niliogopa, sifichi, nilimwona mama akiniletea chakula rumande. Ile sidii niliiingiza kwa mikono yangu.

Nikachomoa ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tano, ya sita. Njia ikapata nafasi, barua ikaanza kusogea. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye waya wa ya tatu.

"Bado, mwanangu?" mzee akauliza.

"Bado kidogo, baba."

Nikaiacha. Dakika kumi na moja nilisimama nimeshika ule waya, jicho kwenye simu.

Ikaenda. Mzee akanishika mikono yote miwili akaniombea kwa Mungu. Alipotoka nikachomoa, nikakaa chini sakafuni.

Polisi hawakuja, na hofu ile iliisha. Nyingine ninayo mpaka leo. Sikujua kamwe ule mlango ulikuwa wa nani, wa chuo au wa hospitali. Ninachojua ni kwamba kwa dakika kumi na moja niliuziba kwa makusudi, na huenda kuna baba mwingine alikuwa amekaa mahali, saa sita inamkaribia, anaambiwa bado kidogo.