Mzinga wa thelathini na tisa

Jirani yangu Cletus, wa hapa Usevya, hakuwahi kutangaza kwamba mwaka mpya utamfanya mtu mpya. Kila Januari alichonga mzinga mmoja, akautundika mtini porini, na mwaka mzima akajifunza tabia za nyuki wa mti ule. Kwa mwendo huo alifikisha mizinga thelathini na minane.

Mwaka huu magoti yalikataa kupanda mti. Akachonga wa thelathini na tisa, kisha akamwomba mwanawe Doto, aliyekuwa ametoka semina ya malengo Mpanda mjini, akautundike.

“Mzinga mmoja, baba? Mimi mwaka huu natundika hamsini kwa mpigo!”

“Anza na huu, mwanangu. Ukiwajua nyuki wake, hiyo hamsini utaiweza.”

“Nyie wazee mnatambaa tu,” Doto akacheka, akaandika hamsini kwenye daftari jipya.

Sasa ni Juni. Hamsini imebaki daftarini, na Doto yuko semina nyingine. Juzi nilikuta kuku anaatamia ndani ya ule mzinga, ambao bado ulikuwa uani. Nikainua fimbo nimfukuze.

“Mwache,” Cletus akasema. “Nyumba hii, ni yeye peke yake anayekaa na kazi mpaka iishe.”